Wapeni vijana wa Mkokotoni nafasi katika karakana za makumbusho: barua ya wazi

Kwa viongozi wa Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale,
na kwa viongozi wa Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, Zanzibar.

YAH: MAFUNZO KWA VITENDO KATIKA MAKUMBUSHO YETU



Nakuandikieni katika barua moja, ingawa ofisi zenu ni mbili, kwa sababu jambo ninaloliomba liko baina yenu, na kila mmoja akilitazama kwa upande wake anaweza kuona si lake. Idara ina majengo, vitu vya thamani na kazi zinazosubiri watu. Mamlaka ina chuo hapa Mkokotoni, chenye vijana waliokuja kujifunza kazi za mikono. Kutoka hapa hadi mjini ni gari moja tu, ile ya nambari 101. Lakini mimi, mkaazi wa hapa, sijaona njia iliyoandikwa na inayojulikana kwa wazazi, ya kumtoa mwanafunzi wa useremala au umeme Mkokotoni na kumwingiza makumbusho akiwa mwanagenzi. Ombi langu ni kwamba njia hiyo ijengwe, itangazwe na igharamiwe, na ianze kabla jumba la makumbusho la Beit al-Ajaib halijafungua milango yake tena.

Naanza na kazi yenyewe, maana hapo ndipo kutoelewana kunapoanzia. Wengi wetu tukisikia makumbusho tunamfikiria mtu mwenye shahada ya historia anayewaeleza wageni habari za masultani. Mtu huyo anahitajika, na vyuo vikuu vyetu vimsomeshe. Ila nyuma ya ukumbi anaoupita mgeni kuna kazi nyingine, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya fundi.

Chukueni mfano wa nguo ya kale, joho au kanga ya zamani. Ikimulikwa na taa kali kila siku rangi hupauka na nyuzi huchoka. Ndiyo maana makumbusho ulimwenguni huweka nguo na karatasi katika mwanga usiozidi laksi 50 hivi, mwanga ambao mgeni aliyetoka juani huuona ni kiza. Anayeupima mwanga huo, akachagua taa inayofaa na kuifunga mahali isipotia joto ndani ya kabati, ni fundi umeme. Nguo hiyo hiyo, au mkoba wa ukindu, ikiingiwa na wadudu haipigwi dawa ovyo. Hufungwa ndani ya plastiki, hutiwa kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri au zaidi, ikakaa humo wiki moja au mbili mpaka wadudu na mayai yao wafe. Friza hiyo ikizimika siku ya tatu kazi yote imeharibika, na anayejua kuifanya isizimike ni fundi wa friji na viyoyozi.

Njooni kwenye kabati la vioo. Seremala wa kawaida atatengeneza kabati zuri, akalipaka vanishi, na mteja akafurahi. Seremala wa makumbusho lazima ajue zaidi ya hapo: kwamba baadhi ya mbao, gundi na rangi hutoa mvuke wa asidi, na kwamba mvuke huo ukifungiwa ndani ya kabati kwa miaka hula shaba, risasi na lulu. Mshonaji naye hashoni nguo mpya. Anatengeneza kiwiliwili cha kuivalisha nguo kuukuu bila kuivuta mabega, na anajua lini asitie sindano kabisa. Maarifa haya hayahitaji miaka minne ya chuo kikuu. Yanahitaji kijana aliyekwisha kujua misingi ya fani yake, na mtu wa kumwongoza akiwa mbele ya kitu chenyewe.

Kazi ya uashi ndiyo kubwa kuliko zote, na hapo siwezi kupita bila ya kutaja msiba wetu sote. Beit al-Ajaib ilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883. Ilisalimika na mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, siku ambayo kasri la jirani lilivunjwavunjwa. Baadaye ikawa ofisi za Serikali, kisha makumbusho ya Zanzibar na mwambao wa Waswahili. Uchakavu ukaifunga kwa wageni. Na tarehe 25 Disemba 2020, kazi ya ukarabati kwa msaada wa Serikali ya Oman ikiwa imeshaanza, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Wazee wetu wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyufa zilionekana na kila mtu, fedha zilitafutwa na zikapatikana, lakini ufa hauzibwi na fedha. Unazibwa na fundi anayeujua ukuta wa namna ile, anayepita kuukagua kila masika, na aliyeajiriwa kwa kazi hiyo.

Ukuta wa namna ile si wa tofali za saruji. Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zake zinabebwa na boriti za mikoko. Ukuta huo huvuta unyevu na kuutoa. Ukiupiga plasta ya saruji, maji na chumvi hubaki ndani, plasta huvimba na kubanduka, na boriti huoza kwenye vichwa vilivyozama ukutani. Fundi aliyefundishwa saruji peke yake ataliharibu jengo kwa nia njema kabisa. Je, kijana anayesomea uashi leo hufundishwa kuzima chokaa, kuiacha ikomae, na kuitia ukutani kwa tabaka nyembamba? Akifundishwa, anakwenda kuifanyia mazoezi wapi? Kama jawabu ni karakana ya chuo peke yake, basi hajajifunza. Mahali pa kujifunzia ni kuta zenyewe, na kuta hizo ni za Idara.

Wako watakaosema kwamba hizi ni habari za historia, si za sanaa. Kwetu vitu hivi havijapata kutengana. Mlango wa Zanzibar ni kazi ya uchongaji ya kiwango cha juu: mfaa wa katikati, fremu yenye minyororo na maua, misumari ya shaba, na kizingiti cha juu, mara cha mraba, mara cha upinde, kulingana na zama na mwenye nyumba. Ukutani mwa makumbusho yoyote ya sanaa duniani mlango huo ungekuwa na taa yake na mlinzi wake. Mtepe uliotengenezwa mwaka 2003 kwa ajili ya ukumbi wa Ajaib, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, ulikuwa sanaa na ubaharia kwa pamoja, na ilibidi ufundi wake utafutwe upya kwa sababu mitepe ilikuwa imeshatoweka baharini zamani. Studio ya picha ya Capital Art, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, imetuachia sura za mji mzima katika picha nyeusi na nyeupe. Anayesafisha mlango, anayekaza kamba za mtepe, na anayeihifadhi filamu ya zamani isishikane kwa unyevu, wote watatu wanafanya kazi ya makumbusho ya sanaa. Hata chui wa Unguja aliyekaushwa na kuhifadhiwa katika makumbusho yetu, ambaye msituni hatumwoni tena, anamtegemea mtu wa kumkinga na nondo na ukungu. Akiharibika huyo hapatikani mwingine.

Sasa kwa nini Mkokotoni, na si vijana wa mjini walio jirani na majengo hayo?

Kwanza, urithi wenyewe uko huku. Tukisimama ufukweni tunaiona Tumbatu, ambayo Yaqut al-Hamawi aliitaja katika kitabu chake mwanzoni mwa karne ya 13. Kusini ya kisiwa hicho, Makutani, yapo magofu ya misikiti na nyumba za mji ulionawiri kati ya karne ya 12 na ya 15. F. B. Pearce, aliyekuwa Mkaazi wa Kiingereza Zanzibar, aliyaandika magofu hayo katika kitabu chake cha mwaka 1920. Ardhi ya Mkokotoni nayo imechimbwa na wataalamu na kutoa shanga za vioo na vigae vya vyombo vilivyovuka bahari. Mwaka 2021 Henriette Rødland alitoa tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, iliyotokana na uchimbaji wa Tumbatu na hapa Mkokotoni. Chuo hicho hicho ndicho kilichotoa mwaka 2004 kazi ya Mzanzibari mwenzetu Abdurahman Juma kuhusu Unguja Ukuu. Sina kinyongo na Uppsala; nawashukuru. Ninachosema ni kwamba mtoto wa Mkokotoni hastahiki kuwa mtu wa mwisho kujua kilichotoka chini ya miguu yake.

Tazameni pia Fukuchani na Mvuleni, kaskazini yetu, njia ya kwendea Nungwi. Magofu yale ya karne ya 16 watu wengi bado huyaita nyumba za Wareno, na mgeni akiuliza huambiwa hivyo hivyo. Wanaakiolojia walioyachunguza wanayaona ni nyumba za Waswahili wenyewe, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na mafundi wa mwambao. Kijana mmoja wa huko akipata mafunzo ya miezi mitatu ya namna ya kulieleza gofu, kulisafisha bila kung'oa plasta yake, na kuandika hali yake kila mwaka, atarekebisha kosa hilo mara nyingi zaidi kuliko kitabu kilichoko maktaba ya Ulaya. Watalii waliokuja Zanzibar mwaka 2024 walizidi 700,000, na wengi miongoni mwao wanashukia Nungwi na Kendwa. Wanapita karibu na mawe hayo wakiwa ndani ya magari yenye viyoyozi. Hakuna anayewasimamisha, kwa sababu hatujamtayarisha mtu wa kuwasimamisha.

Pili, kuna suala la haki. Nafasi ya mafunzo isiyolipiwa kitu ina mchujo wake ingawa haukuandikwa popote. Anayeishi Vuga au Malindi anatembea kwa miguu, anarudi nyumbani kula mchana, anamaliza miezi yake mitatu bila ya kutoa hata shilingi. Anayetoka Mkokotoni anahitaji nauli ya kwenda na kurudi kila siku na chakula cha mchana. Anayetoka Tumbatu anaongeza mashua, na bahari ikichafuka analala mjini kwa jamaa, kama anao. Mwisho wa mwaka ofisi itatazama orodha ya wanagenzi wake na kuona vijana wa mjini watupu, kisha itasema watu wa shamba hawapendi kazi hizi. Wanazipenda. Nauli ndiyo iliyowachuja.

Jambo hili limewasumbua hata waliotutangulia mbali kwa fedha. Mwaka 2019 chama cha wakurugenzi wa makumbusho ya sanaa wa Amerika ya Kaskazini kilipitisha azimio la kuzitaka taasisi zake ziwalipe wanagenzi, baada ya kukiri kwamba mafunzo ya bure yamekuwa yakiwafungulia mlango watoto wa wenye uwezo tu. Mapema zaidi, tangu 1993, taasisi ya Getty ya Los Angeles imekuwa ikigharamia nafasi za mafunzo zinazolipwa katika makumbusho na vituo vya sanaa vya eneo lake, ikiwalenga wanafunzi wa jamii ambazo hazikuwa zikionekana katika kazi hizo. Hatuna fedha za Getty, na sikuja kuziomba. Naomba nauli na sahani ya wali.

Mifano ya karibu nasi ipo, na ndiyo inayonipa moyo zaidi. Katika miaka ya 1940 Makumbusho ya Uganda yaliwekwa ndani ya skuli ya sanaa ya Makerere, ile aliyoianzisha Margaret Trowell mwaka 1937, kabla ya kuhamia jengo lake la sasa la Kitante mwaka 1954. Kwa miaka ile mwanafunzi wa sanaa na kikapu cha kale walikuwa chini ya paa moja. Anayejifunza kuchora alikuwa na cha kutazama, na kilichohifadhiwa kilikuwa na wa kukitazama. Katika skuli hiyo alisoma Sam Ntiro, na humo pia akapita Elimo Njau, ambaye mwaka 1965 alishiriki kuanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi. Mombasa nako kuna kituo cha utamaduni wa Waswahili kinachowafundisha vijana uchongaji na kazi nyingine za asili. Na hapa hapa kwetu, taasisi ya Aga Khan ya utamaduni ilipolikarabati jengo la Zahanati ya Zamani pale ufukweni katika miaka ya 1990, kazi ile ilikuwa pia darasa: mafundi wa hapa walifunzwa kulitengeneza jengo huku wakilitengeneza. Kwa hiyo jambo ninaloliomba limeshafanyika Zanzibar. Kilichokosekana ni kulifanya liwe la kila mwaka, lisingojee mfadhili.

Najua yatakayosemwa dhidi ya ombi hili, nami niyajibu mapema.

Itasemwa kwamba vitu vya makumbusho ni amana, na mwanafunzi anaweza kuvunja au kupoteza. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini mwanagenzi hapewi kikombe cha Kichina siku ya kwanza. Huanza na daftari: kusoma nambari ya kitu, kukitafuta kilipo, kukilinganisha na maelezo yake, kukipiga picha mbele na nyuma, kuandika ufa na doa lililopo. Makumbusho yoyote yenye daftari lililohakikiwa namna hiyo hujikinga vyema zaidi na upotevu kuliko yenye makufuli kumi na daftari la zamani. Kazi hiyo ni ya kuchosha, wafanyakazi wachache hawaimalizi, na ni shule nzuri ya kumfunza kijana uangalifu kabla hajagusa kitu chenyewe.

Itasemwa kwamba majengo mengine yamefungwa au yanatengenezwa, hivyo hakuna pa kuwaweka. Mimi naona kinyume chake. Makumbusho yakiwa wazi mfanyakazi hushughulika na wageni. Yakifungwa ndipo kazi ya ndani inapowezekana. Jumba la Amani, alilolisanifu John Sinclair na lililofunguliwa mwaka 1925, limeshatimiza karne moja. Jengo la umri huo ni darasa tosha la uashi, useremala na umeme, hata bila ya kuhesabu kilichomo.

Itasemwa pia kwamba hakuna ajira mwisho wa mafunzo. Kwa nafasi za Serikali huenda ni kweli kwa sasa. Lakini fundi anayejua chokaa na boriti ana kazi katika kila nyumba ya Mji Mkongwe, mji ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 na ambao nyumba zake hazitaacha kuhitaji matengenezo. Mahoteli yaliyomo katika nyumba za kale yanamtafuta. Fundi anayejua kufunga taa za maonesho na kutengeneza makabati ana kazi katika maduka, kumbi na matamasha. Anayejua kueleza gofu kwa ufasaha ana wageni. Makumbusho hayatawaajiri wote, ila yatawapa ujuzi ambao mtaani hauuzwi.

Baada ya hayo, naweka mbele yenu maombi yangu, moja baada ya jingine.

Kwanza, kila mwaka zitangazwe nafasi za mafunzo kwa vitendo katika makumbusho na maeneo ya kihistoria, kwa tarehe moja inayojulikana, na tangazo libandikwe pia katika ofisi za masheha, Tumbatu ikiwemo. Nafasi isiyotangazwa huenda kwa anayemjua mtu. Sehemu ya nafasi hizo itengwe kwa wanafunzi wa amali, isiwe kwa wa shahada peke yao, na ihakikishwe kwamba wasichana wa fani za ufundi wanapata sehemu yao.

Pili, nauli na chakula vilipwe, na vilipwe kwa wakati. Kiasi cha fedha ni kidogo. Kinachotakiwa ni kifungu kinachojulikana katika bajeti, kisichotegemea huruma ya mkuu aliyepo.

Tatu, kila mwanagenzi awe na msimamizi mmoja mwenye jina, na daftari la kazi linalosainiwa kila wiki. Sote tunawajua vijana waliopelekwa fildi katika ofisi fulani wakaishia kutoa kopi na kutumwa vocha, kisha wakapewa barua inayosema wamefanya vizuri. Barua hiyo haimsaidii mtu. Cheti cha makumbusho kitaje kazi: amehakiki vitu kadhaa, ametengeneza kabati la aina fulani, amepiga chokaa ukuta fulani. Mwajiri akisoma aelewe.

Nne, kila mkataba wa ukarabati wa jengo la kihistoria uwe na kifungu cha wanagenzi, kinachotaja idadi yao, fani zao na anayewalipa. Ajaib iwe ya kwanza. Wenzetu wa Oman wametusaidia, na wao wenyewe katika miaka ya karibuni wamejenga makumbusho makubwa, ya Taifa mjini Muscat na yale ya Manah yaliyofunguliwa mwaka 2023. Waombwe, kwa adabu na undugu, kwamba msaada wa mawe uende pamoja na msaada wa mafunzo, na vijana wachache wa amali wapelekwe kuona jinsi makumbusho hayo yanavyoendeshwa kwa ndani.

Tano, Mamlaka iongeze katika masomo ya uashi na useremala sehemu ya majengo ya kale: chokaa, mawe ya matumbawe, boriti, uchongaji wa milango. Walimu wake wawe mafundi wazee ambao bado wapo, hata kama hawana vyeti. Ujuzi hauzeeki, lakini mwenye ujuzi anazeeka, na akifa hatuna pa kuunakili.

Sita, chumba kimoja hapa Mkokotoni kifanywe stoo ya masomo na maonesho madogo. Sidai makumbusho ya pili. Naomba chumba kikavu, chenye makabati yaliyotengenezwa na wanafunzi wa hapa, taa zilizofungwa nao, na vigae, shanga, ramani na picha za uchimbaji wa Tumbatu, Mkokotoni na Fukuchani, vitu asili au nakala kwa kadiri Idara itakavyoona salama. Makerere walikaa na makumbusho ndani ya skuli kwa zaidi ya miaka kumi na hayakuwadhuru. Mwanafunzi atakayehudumia chumba hicho kwa mwaka mmoja atafika mjini akiwa ameshajua nusu ya kazi.

Saba, muundo wa utumishi umtambue fundi wa uhifadhi kama mtaalamu, mwenye ngazi za kupanda. Tukimwajiri kama kibarua wa siku, ataondoka siku hoteli itakapomwita, na ataondoka na kila tulichomfunza.

Nina neno pia kwa vijana wenyewe, maana barua hii wataisoma. Msingoje nafasi itangazwe ndipo mjitayarishe. Anzeni daftari sasa: chora mlango mmoja wa kale wa kijijini kwenu, andika mbao yake, vipimo vyake, nani aliyeuchonga kama anajulikana. Kaeni na mafundi wa vyombo wa Nungwi na Tumbatu muwaulize majina ya kila ubao na kila kifaa, mkayaandike. Piga picha kazi zako za karakana, hata zilizoharibika, uandike kwa nini ziliharibika. Jifunzeni kueleza kitu kwa dakika mbili, kwa Kiswahili kilichonyooka kwanza, kisha kwa lugha ya mgeni. Siku mtakapoulizwa mnaweza kufanya nini, fungueni daftari hilo mbele ya anayeuliza.

Waheshimiwa, hakuna katika haya jambo linalohitaji sheria mpya wala kamati ya kwenda ng'ambo. Kinachohitajika ni hati moja ya makubaliano baina ya Idara na Mamlaka, kifungu kimoja cha bajeti, na tarehe ya kuanza. Kaeni kitako pamoja, muiandike hati hiyo, na muitangaze hadharani ili wazazi wa Kaskazini waijue. Anzeni na vijana kumi tu, muhula ujao. Beit al-Ajaib ikija kufunguliwa tena na mafundi wanaoitunza wakawa wote wametoka nje ya visiwa hivi, tutakuwa tumejenga jumba tusiloweza kulitunza, na lawama haitakuwa ya mvua wala ya bahari.

Wenu katika ujenzi wa nchi,

Mkaazi wa Mkokotoni,
Wilaya ya Kaskazini A, Unguja.